Hesabu ya Mpigo Mmoja: Somo kutoka Fainali ya Besiboli ya Mwaka 1960

Katika somo hili nataka kuwaeleza jambo la hesabu ambalo huwachanganya watu wengi, wala si wanafunzi peke yao. Jambo lenyewe ni tofauti iliyopo kati ya kujumlisha na kuhesabu. Hapa kwetu Ruhwa, mpakani mwa Rwanda na Burundi, ubishi wa michezo husikika kwa Kinyarwanda, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, lakini hoja huwa ni ile ile: "Sisi tumefunga mabao mengi zaidi mwaka huu, basi sisi ndio bora." Mimi nafundisha hesabu, na kila nisikiapo hoja hiyo hukumbuka fainali moja iliyochezwa mbali sana na sisi, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1960. Mchezo wenyewe ni besiboli, na kwa kuwa wengi wetu hatujauona, yafaa kwanza niueleze kwa ufupi.

JINSI MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Timu mbili hucheza, kila moja ina watu tisa uwanjani. Mtupaji wa timu moja hutupa mpira mdogo, na mpigaji wa timu ya pili husimama na gongo lake ili aupige. Uwanjani pana vituo vinne vilivyopangwa mraba, na umbali wa kituo hata kituo ni kama mita 27. Mpigaji akiupiga mpira vema, hukimbia kutoka kituo hata kituo, na akivizunguka vyote akarudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, timu yake hupata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu ya timu yao imekwisha, nayo timu ya pili hushika gongo. Kila timu hupata zamu tisa. Pointi zikiwa sawa baada ya hapo, huongezwa zamu nyingine mpaka mmoja ashinde.

Sasa shikeni neno moja: mpigo wa nyumbani. Huo ni mpigo wa nguvu upelekao mpira nje ya ukuta wa uwanja. Hapo mpigaji hana haja ya kuharakisha. Huvizunguka vituo vyote kwa raha yake, na wenzake waliokuwa wakingoja vituoni nao hurudi nyumbani. Kwa hiyo mpigo mmoja waweza kuleta pointi moja, mbili, tatu au nne.

MICHEZO SABA

Fainali ya Marekani haichezwi siku moja. Timu mbili hukutana mara nyingi, na ile inayotangulia kushinda michezo minne ndiyo bingwa. Mwaka 1960 walikutana Yankees wa New York, timu iliyokwisha kutwaa ubingwa mara nyingi, na Pirates wa Pittsburgh, ambao hawakuwa wameuonja tangu mwaka 1925. Tazameni matokeo, pointi za Pirates zikitangulia: mchezo wa kwanza 6 kwa 4, wa pili 3 kwa 16, wa tatu 0 kwa 10, wa nne 3 kwa 2, wa tano 5 kwa 2, wa sita 0 kwa 12.

Yankees waliposhinda, waliponda. Pirates waliposhinda, walipenya kwa shida. Hata hivyo kila timu ilikuwa na ushindi mara tatu, na ukabaki mchezo mmoja wa kukata shauri.

SIKU YA TAREHE 13 OKTOBA

Mchezo wa saba ulichezwa katika uwanja wa Forbes Field, mbele ya watazamaji zaidi ya 36,000. Pirates walitangulia kwa pointi 4 kwa 0. Yankees wakaja juu. Katika zamu ya sita Yogi Berra alipiga mpigo wa nyumbani ulioleta pointi tatu, wakaongoza 5 kwa 4. Katika zamu ya nane wakaongeza mbili, ikawa 7 kwa 4.

Ndipo Pirates waliposhika gongo katika zamu yao ya nane. Bill Virdon alipiga mpira wa chini, mpira ambao kwa kawaida hudakwa bila taabu na kuwatoa watu. Lakini ulidunda vibaya ukamgonga Tony Kubek wa Yankees kooni, akaanguka, ikambidi kutoka uwanjani. Kutokana na hapo mambo yakageuka. Pirates walipata pointi moja, kisha nyingine, na hatimaye Hal Smith akaupeleka mpira nje ya ukuta huku wenzake wawili wako vituoni. Pointi tano katika zamu moja: 9 kwa 7.

Je, Yankees walikata tamaa? Hata kidogo. Katika zamu yao ya mwisho walipata pointi mbili, wakasawazisha, 9 kwa 9.

Basi ikabaki zamu ya mwisho ya Pirates. Mpigaji wa kwanza alikuwa Bill Mazeroski, kijana wa miaka 24, aliyesifiwa zaidi kwa kudaka kuliko kwa kupiga. Mtupaji wa Yankees alikuwa Ralph Terry. Mpira wa kwanza Mazeroski aliuacha upite. Wa pili aliupiga, nao ukaruka juu ya ukuta wa kushoto. Berra, aliyekuwa akilinda upande huo, alibaki kuutazama. Ilikuwa yapata saa tisa na dakika 36 alasiri. Pirates 10, Yankees 9. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fainali hiyo kumalizwa na mpigo wa nyumbani.

SASA TUFANYE HESABU

Chukueni kalamu. Jumlisheni pointi zote za Yankees katika michezo saba: 4 + 16 + 10 + 2 + 2 + 12 + 9 = 55. Jumlisheni za Pirates: 6 + 3 + 0 + 3 + 5 + 0 + 10 = 27. Aliyeshindwa alipata pointi mara mbili ya mshindi, na moja zaidi! Tena mchezaji aliyetunukiwa kuwa bora wa fainali nzima, Bobby Richardson, alitoka timu iliyoshindwa.

Je, Pirates walipendelewa? La. Tazameni zile tofauti. Yankees walishinda kwa tofauti ya 13, 10 na 12, jumla 35. Pirates walishinda kwa tofauti ya 2, 1, 3 na 1, jumla 7. Toeni 7 katika 35, mtapata 28, ambayo ndiyo tofauti ya 55 na 27. Hesabu imekubali. Lakini sheria ya fainali haikuuliza, "Nani amepata pointi nyingi?" Iliuliza, "Nani ameshinda mara nyingi?" Pointi zilizozidi katika mchezo wa pili hazikuweza kuhamishwa kwenda kusaidia mchezo wa saba. Kila asubuhi pande zote mbili zilianza na sifuri.

MIFANO YA KWETU

Sisi Wanyarwanda twalijua jambo hili kwa upande wa kandanda. Mwaka 2003 timu yetu ya Amavubi iliishinda Uganda mjini Kampala bao 1 kwa 0, kisha ikaishinda Ghana mjini Kigali bao 1 kwa 0. Mabao yote mawili yalifungwa na Jimmy Gatete. Kwa ushindi huo mwembamba tukapata kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Huko Tunisia, mwaka 2004, tulifungwa na wenyeji 2 kwa 1, tukatoka sare na Guinea 1 kwa 1, tukaishinda Kongo 1 kwa 0. Mabao yetu matatu, na tuliyofungwa matatu. Lakini hatukuvuka hatua ya makundi.

Na besiboli yenyewe si ngeni kabisa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko South Williamsport, katika jimbo lile lile la Pennsylvania lenye mji wa Pittsburgh. Walifungwa michezo mingine, lakini walirudi na ushindi wa 3 kwa 2 dhidi ya watoto wa Oregon.

Msidhani kwamba kuhesabu ni bora siku zote kuliko kujumlisha. Tuseme mfanyabiashara wa mchele wa bonde la Bugarama anapata faida ya faranga 13,000, 10,000 na 12,000 katika siku tatu, na katika siku nne anapata hasara ya 2,000, 1,000, 3,000 na 1,000. Siku za hasara ni nyingi kuliko za faida. Lakini mwisho wa juma ana faranga 28,000 mkononi. Huyo amefanya kama Yankees, naye amefanikiwa, kwa maana fedha hujumlishwa. Lakini mgonjwa aliyeandikiwa vidonge saba, kimoja kila siku, hawezi kumeza vyote siku ya kwanza akasema amemaliza dawa. Hapo kila siku husimama peke yake.

Basi kabla ya kushika kalamu, mwenye hesabu na ajiulize: je, jambo hili hujumlishwa, au huhesabiwa moja moja? Akikosea hapo, hata akijumlisha vema namna gani, jibu lake halitafaa.

Nanyi msimsahau Ralph Terry, aliyetupa ule mpira. Mwaka 1962 alipewa tena mchezo wa saba wa fainali, safari hii dhidi ya Giants wa San Francisco. Alitupa mpaka zamu ya mwisho, na Yankees wakashinda 1 kwa 0.

MASWALI

1. Baada ya michezo sita, kila timu ilikuwa na jumla ya pointi ngapi?
2. Tafuta wastani wa pointi za kila timu kwa mchezo mmoja. Je, wastani huo wamwonyesha bingwa?
3. Taja mambo mawili ya nyumbani kwenu ambayo hujumlishwa, na mawili ambayo huhesabiwa moja moja. Toa sababu.