Kila mshale ni dai

Wadogo zangu mnaoandika tasnifu, leo tuzungumze kuhusu ule mchoro wa sura ya pili, wa vigeu na mishale. Wengi wenu huuchora usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi: vigeu huru kushoto, kigeu tegemezi kulia, mishale imejaa katikati. Halafu siku ya utetezi watahini wanang'ang'ania ukurasa huo huo. Wana haki, kwa sababu hapo ndipo utafiti wako wote unapoonekana kwa mara moja.

Mdogo wangu, ukichora mshale umedai kwamba kitu hiki kinaathiri kile. Utafute huo mshale kwenye nadharia tete zako. Usipouona, ufute, hata kama unapendezesha mchoro.

Chukua utafiti ambao wengi wenu mnaupenda: kwa nini wauzaji wa sokoni wanatumia M-Pesa, au hawaitumii. Hapo hukosi modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989, yenye wepesi wa kutumia na manufaa kama mtumiaji mwenyewe anavyoyaona. Ninachokiona mara nyingi ni visanduku hivyo viwili kusimama sambamba, kila kimoja na mshale wake kuelekea nia ya kutumia. Lakini kwa Davis kuna mshale pia kutoka wepesi kwenda manufaa: huduma ikiwa nyepesi, mtu huiona inamfaa zaidi. Ukiuacha mshale huo, modeli unayoichora si ya Davis tena.

Kisha umri wa wauzaji. Usiutupe chini kama kisanduku cha ziada. Jiulize umri huo unafanya kazi gani kwenye mchoro. Kama unaamini wepesi una uzito zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana, basi umri unabadilisha nguvu ya uhusiano, na mshale wake uguse katikati ya ule mshale mwingine. Kigeu kinachopitisha athari chenyewe hukaa njiani, kati ya chanzo na matokeo, kama manufaa yanavyokaa kati ya wepesi na nia. Watafiti Baron na Kenny walizitenganisha kazi hizi mbili mwaka 1986. Wasome kabla hujakutana na msimamizi.

Rangi ziache, nakala yako itatolewa fotokopi. Majina ya visanduku yawe yale yale ya malengo na dodoso. Viashiria vipeleke kwenye jedwali.

Ukimaliza, mpe mchoro rafiki wa idara nyingine akueleze unachunguza nini, nawe unyamaze kabisa. Anaposita, pana kasoro, rekebisha hapo. Chini ya mchoro andika kwamba umeuchora kwa kurekebisha modeli ya Davis (1989), na aya inayofuata iseme umeongeza nini na kwa sababu gani, maana Davis hakuweka umri.