Kifurushi Chako cha Simu Kinafungua Nini?

Somo kwa familia na viongozi wa wakimbizi wa ndani, Uvira na kandokando ya ziwa



Kwetu Uvira, Makobola hata Baraka, simu ndiyo inayotujulisha kama barabara ni salama, na hali ya ndugu waliovuka kwenda Burundi wakati wa mapigano ya Desemba 2025. Kwa hiyo ni vema tufahamu tunanunua nini tunapoweka mega.

1. Usawa wa intaneti ni nini?

Ni kanuni inayotaka kampuni ya simu ipitishe mawasiliano yote kwa namna moja, bila kupendelea huduma fulani, kuipunguzia mwendo au kuifunga. Mfano ni mwenye mtumbwi. Akivusha bure wanaokwenda soko la rafiki yake na kuwatoza wanaokwenda masoko mengine, watu maskini wote wataishia soko lile moja.

2. Vifurushi vya aina mbili

Kifurushi cha jumla kinafungua intaneti yote. Kifurushi cha huduma moja, kwa mfano cha WhatsApp peke yake, ni cha bei nafuu, nacho kinamsaidia mwenye pesa kidogo kuongea na jamaa zake.

Lakini tuseme usiku sauti inaingia kwenye kikundi: kijiji fulani kimeshambuliwa na watu wa kabila fulani. Mwenye kifurushi cha huduma moja anaisikia, na anaweza kuituma kwa wengi papo hapo. Akijaribu kufungua ukurasa wa redio ili ahakikishe, haufunguki. Hivyo uvumi unaenea kwa urahisi, na kuuchunguza kunahitaji pesa zaidi. Kufika asubuhi, familia zinafunga mizigo na majirani wanaogopana.

3. Nchi nyingine zilifanya nini?

India ilipiga marufuku bei za kibaguzi za intaneti mwezi wa Februari 2016. Marekani iliweka kanuni za usawa mwaka 2015, ikazifuta 2017, ikazirudisha 2024, na mahakama ikazibatilisha Januari 2025. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti.

Serikali nazo hufunga. Burundi ilizuia WhatsApp na Facebook kwenye simu mwishoni mwa Aprili 2015. Hapa kwetu, intaneti ilikatwa baada ya uchaguzi, tangu tarehe 31 Desemba 2018, kwa karibu siku 20. Katika siku za namna hiyo hata kifurushi cha jumla hakisaidii.

4. Tufanye nini?

- Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: kifurushi hiki kinafungua huduma zipi, na kinaisha lini?
- Katika kila kikundi, wanachama wachangie kifurushi kimoja cha jumla. Mtu mmoja anayeaminika, mwanamke au mwanaume, apewe kazi ya kuhakikisha habari.
- Sauti isiyo na jina la msemaji, tarehe wala mahali isitumwe mbele kabla ya kuhakikishwa.
- Viongozi waandike kwenye daftari namba za wenzao wa vijiji jirani na wa makabila mengine, ili wapigiane simu uvumi unapoanza.
- Redio ya FM haili mega. Sikilizeni pamoja.
- Malalamiko juu ya vifurushi yaandikwe kwa pamoja, yapelekwe kwanza kwa kampuni, kisha kwa ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini.

5. Maswali ya kujadiliana

a) Katika kikundi chetu, ni wangapi wanaweza kufungua zaidi ya WhatsApp?
b) Ni uvumi gani uliowahi kututenganisha na majirani? Nani angeweza kuuhakikisha?
c) Intaneti ikikatwa kesho, tutapashana habari kwa njia gani?

Viongozi, someni somo hili kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, nao watoe maoni yao.