CHUMBA KIMOJA, KAZI NYINGI: TUPANGE VITU ILI TUSIUGUE

Katika somo la mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la afya. Nalo ni mpangilio wa vitu ndani ya chumba tunamoishi.

Katika miji ya wazee wetu kila kitu kilikuwa na mahali pake. Nafaka ilikaa ghalani, jiko lilikuwa na kibanda chake, na mifugo ilikuwa na zizi lake. Siku hizi wengi tumehamia Chato mjini, Buseresere, Bwanga au Muganza kwa ajili ya biashara, uvuvi na dhahabu. Tumepanga chumba kimoja. Ghala, jiko, stoo na kitanda vyote vimeingia humo humo.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano. Baba ni mchimbaji mdogo. Sululu, karai na nguo zake za kazini ziko nyuma ya mlango. Mama anauza dagaa. Magunia yake yameziba dirisha. Chini ya kitanda kuna sufuria, dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita, na chupa ya soda yenye mafuta ya taa. Watoto wanalala chini kwenye mkeka. Chandarua kipo, lakini kimekunjwa juu ya sanduku kwa kuwa hakuna nafasi ya kukitundika. Familia hii siyo chafu. Mama anafagia kila asubuhi, ila anafagia katikati ya chumba tu, kwa sababu kwingine ufagio haupiti.

Hebu tuone hatari zinazojificha mahali ambapo ufagio haupiti.

1. Homa ya papasi. Papasi hukaa kwenye nyufa za kuta na sakafu ya udongo, hasa penye giza na pasipoguswa. Usiku hutoka, huuma na kurudi kujificha. Mwaka 1905 daktari Dutton na mwenzake Todd, wakiwa Kongo ya mashariki, walionyesha kuwa papasi ndiye anayeeneza homa hiyo. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo na kufa mwaka huo huo. Homa hii hupoa na kurudi tena, na ni ya hatari sana kwa mama mjamzito.

2. Malaria. Mbu waenezao malaria hupenda kupumzika mchana kwenye kona zenye giza na nyuma ya nguo zilizotundikwa. Chandarua kilichokunjwa hakimkingi mtu yeyote.

3. Kifua kikuu. Vijidudu vyake huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Chumba kisichopitisha hewa huvitunza. Dirisha likizibwa na magunia, hewa haibadiliki na jua haliingii. Mchimbaji anayevuta vumbi la mawe yuko katika hatari zaidi. Anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi aende kupimwa. Dawa zipo, na ugonjwa huu unapona.

4. Sumu. Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo kwenye chupa ya soda. Akinywa mafuta ya taa tusimtapishe, maana yanaweza kuingia kwenye mapafu. Tumkimbize hospitali. Ikiwa ni dawa ya pamba, twende na chombo chake ili mganga aione. Zebaki nayo isikae kamwe chumbani, wala dhahabu isichomwe kwenye jiko la nyumbani. Mvuke wake hauonekani, lakini huharibu ubongo na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki kule Minamata, Japani, ambako tangu mwaka 1956 watu waligundulika kudhurika kwa kula samaki wenye sumu hiyo.

Tusisahau jiko la mkaa. Likiachwa linawaka ndani huku mlango umefungwa, hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke.

TUFANYEJE?

Hatuwashauri kununua kabati. Tunashauri siku moja ya kazi, tena siku ya jua.

Kwanza, tutoe vitu vyote nje, hata kitanda. Magodoro na mikeka tuianike. Tufagie kona zote na tuzibe nyufa kwa udongo au saruji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa usipoziba ufa utauguza mtoto.

Pili, kabla ya kurudisha vitu tuvigawe mafungu matatu: vinavyotumika kila siku, vinavyotumika kwa msimu, na visivyotumika. Fungu la tatu ndilo lenye ugomvi. Asiye na kingi haoni wepesi kutupa, na ana sababu zake. Kipande cha bati cha leo ni kiraka cha paa kesho. Basi tusitupe kitu cha mwenzetu bila kumwuliza. Baba asichome matambara ya mama, wala mama asiuze nyavu za baba. Tuulizane hivi: kitu hiki kimetumika tangu mvua zilizopita? Kama sivyo, kiuzwe, kigawiwe au kifungwe vizuri kikae nje chini ya paa.

Tatu, turudishe vitu kwa kufuata kazi za chumba. Tuanze na mahali pa kulala na tutundike chandarua kabla ya kitu kingine chochote. Kitanda kisiguse ukuta, na kikiinuliwa kwa matofali, masanduku yatapita chini yake na kuvutwa siku ya kufagia. Magunia yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili panya wasipate maficho. Vyombo vikae kwenye kichanja nje, maji kwenye ndoo yenye mfuniko. Dirisha libaki wazi mchana.

Nne, nguo na vifaa vya machimbo visilale na watoto. Vifungwe kwenye kiroba nje, na nguo zifuliwe peke yake. Mafuta ya taa na dawa ya pamba vikae juu sana, ndani ya sanduku lenye kufuli, kila kimoja katika chombo chake chenye alama.

Mwisho, tuweke desturi ya kuvuta kila kitu na kufagia nyuma yake mara moja kwa juma. Chumba hakitaongezeka hata hatua moja, lakini watoto watapata mahali pa kulala chini ya chandarua, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika jumuiya:
1. Je, chandarua chetu kimetundikwa usiku wa leo?
2. Ni kitu gani kinachoziba dirisha letu?
3. Katika chumba chetu, ni wapi ufagio haujapita mwezi huu?