MWANAGENZI WA FIDLA KATIKA OKESTRA YA SHULE

Katika kurasa za jarida hili tumezoea kusoma mashairi, methali na vioja vya bwenini. Leo nimeshika kalamu niwaletee somo la namna nyingine: jinsi mtu asiyejua lolote anavyoweza kujiunga na okestra ya shule akiwa na fidla mkononi, na jambo litakalomzuia asitoroke.

Nasema kutoroka kwa sababu kila mwaka mambo ni yale yale. Muhula wa kwanza chumba cha muziki hujaa hadi mlangoni. Kufikia katikati ya muhula wa pili, fidla nyingi zimerudi stoo na kulala katika makasha yake, na waliozichukua wako uwanjani wakisema ati hiyo ni kazi ya waliozaliwa na kipaji. Mimi sikuzaliwa nacho. Nilianza bila kujua upinde unashikwa upande gani, na sasa huu ni mwaka wangu wa tatu katika safu ya fidla ya pili. Hebu niwaeleze nilichojifunza.

1. Je, fidla ni chombo cha wageni?

Hili ndilo swali tunaloulizwa sana, hasa sisi wa Chama cha Kiswahili. "Mbona unang'ang'ana na kitu cha Wazungu?" Lo! Nenda pwani ukasikilize taarab. Kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka 1905, na katika taarab ya aina hiyo fidla huketi pamoja na udi na kanuni kama ndugu wa tumbo moja. Bara nako, Waluo wana orutu na Wagikuyu wana wandindi. Vyote viwili vina uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde. Na hapo Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto wa mtaani humo muziki wa okestra tangu mwaka 2008. Basi asikutishe mtu. Fidla ilitoka Ulaya, ni kweli, lakini ilishapewa kiti nyumbani kwetu zamani.

2. Kijue chombo chako

Fidla ina nyuzi nne. Kutoka ule mnene hadi ule mwembamba zinaitwa G, D, A na E. Ukitaka kujua kama zimekazwa sawasawa, imba "do" kwenye uzi mmoja. Uzi unaofuata juu yake unapaswa kuwa "so". Uzi wa A ndio wa kwanza kuwekwa sawa, kwa sababu okestra nzima hujipima kwa sauti hiyo. Uzi huo hutetemeka takriban mara 440 kwa sekunde moja.

Gitaa lina vyuma vidogo vinavyokuonyesha mahali pa kubonyeza. Fidla haina. Kidole kikiteleza milimita mbili tu, kila aliye chumbani atajua. Ndiyo maana walimu wengi humbandikia mwanagenzi vipande vya ukanda mwembamba pale vidole vinapotua. Visikuaibishe. Sikio likishakomaa vitabanduliwa.

Upinde nao una singa za mkia wa farasi. Singa peke yake huteleza bila kutoa sauti, kwa hivyo hupakwa rozini, kile kidonge kigumu kinachotokana na utomvu wa msonobari. Ukimaliza kupiga, legeza upinde, futa unga wa rozini kwa kitambaa kikavu, kisha urudishe fidla kashani. Usiiache juani wala karibu na dirisha lenye jua kali. Mbao zake zimeunganishwa kwa gundi, na joto huziachanisha.

3. Sauti nane za kwanza

Hapa ndipo wengi hushangaa, maana ni rahisi kuliko walivyodhani. Anza na uzi wa D bila kubonyeza: hiyo ni "do". Weka kidole cha kwanza: "re". Cha pili: "mi". Cha tatu: "fa". Kisha hamia uzi wa A bila kubonyeza: "so". Rudia vidole vile vile: "la", "ti", "do" ya juu. Umemaliza ngazi nzima! Siri ni hii: katika nyuzi zote mbili kidole cha pili na cha tatu hukaa karibu sana hata kugusana, lakini cha kwanza na cha pili huachana.

Upinde upite katikati, kati ya daraja na mwisho wa ubao wa vidole, ukiwa umelikata uzi kama msalaba. Ukipinda, sauti italia kama mlango wenye kutu. Simama mbele ya kioo au dirisha ujitazame. Dakika 20 kila siku kabla ya prepu zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Siku ya kuingia okestrani

Sasa tumefika penyewe. Mwanagenzi anajua sauti nane tu, halafu anawekewa karatasi iliyojaa nota nyeusi kama siafu. Mwongozaji anainua mkono, wote wanaondoka kama matatu ya asubuhi, naye anaachwa kituoni. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Wanafikiri kazi yao ni kupiga kila nota, na wakishindwa hawafai.

La hasha! Kazi ya kwanza ya mwanagenzi katika okestra ni kuwa pamoja na wenzake. Nota zitakuja baadaye. Shika kanuni hizi nne:

(a) Hesabu kila pigo, hata pale ambapo huna la kupiga. Kimya kilichohesabiwa vizuri ni sehemu ya muziki.

(b) Kipimo kikiwa kigumu, piga nota yake ya kwanza tu, uziache zilizosalia. Nota moja iliyo mahali pake inamsaidia mwongozaji kuliko kumi zilizochelewa.

(c) Ukipotea, usibahatishe. Inua upinde, mtazame kiongozi wa safu yenu, sikiliza, kisha ingia kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata.

(d) Upinde wako ushuke na kupanda pamoja na wa safu nzima. Hata kabla hujazijua nota zote, mkono wako unaweza kutembea na wenzako.

Jambo jingine ni adabu ya stendi. Wapigaji wawili wa fidla hutumia karatasi moja. Aliye upande wa hadhira huendelea kupiga, na mwenzake wa ndani ndiye anayefungua ukurasa. Mara nyingi mwanagenzi hupewa nafasi hiyo ya ndani. Wengine huiona ni dharau. Kumbe ni darasa! Unakaa kando ya anayejua, unaona vidole vyake, unasikia mahali anapopumua. Hakuna kitabu kitakachokufunza hayo.

5. Neno la mwisho

Ndugu zangu, mpigaji mmoja akiiacha fidla kwa kuwa bado hajui, safu inabaki na pengo na chombo cha shule kinaoza stoo, na huku yuko mwenzake aliyekosa nafasi. Ukiichukua, ichukue kwa nia ya kukaa angalau mwaka mzima. Usipime sauti yako kwa sauti ya redioni. Ipime kwa ile uliyotoa mwezi uliopita. Na ukiulizwa unafanya nini huko nyuma na vinota vyako vichache, jibu bila haya: "Ninahesabu." Mwenda pole hajikwai.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja nyuzi nne za fidla kuanzia ule mnene.
2. Kwa nini upinde hupakwa rozini?
3. Ukipotea katikati ya wimbo, utafanya nini kabla ya kuanza kupiga tena?
4. "Kimya kilichohesabiwa vizuri ni sehemu ya muziki." Jadili.