Kabla hujaomba kidonge cha usingizi

Anayeishi na presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au virusi vya Ukimwi hufika mahali usiku ukawa mrefu. Analala saa tatu, saa nane yu macho, na asubuhi hana nguvu. Wengi hukimbilia duka la dawa kuomba diazepamu, dawa inayotakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari. Tafadhali usianzie huko.

Anza na dawa unazomeza tayari. Furosemidi, ambayo wengi huiita Lasix, hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, hivyo ukiimeza jioni utaamka kila mara kwenda chooni. Prednisoloni nayo humezwa asubuhi, maana huchangamsha akili. Kwa walio CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kidonge chenye dolutegraviri huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Efavirenzi iliyotangulia ilimezwa usiku, na waliohamishwa kutoka dawa hiyo huenda wanaendelea na saa ileile. Muulize mhudumu kama unaweza kuhamia asubuhi, lakini dozi usiikatishe. Sukari ikipanda pia humwamsha mtu kukojoa usiku, na hapo tiba ni kuidhibiti sukari yenyewe.

Wakati mwingine usingizi unapotea kwa sababu ya sonona. Ukikaa wiki mbili huna raha na chochote, chakula hakipiti, unajiona mzigo, na hata dawa za presha unaziruka kwa kuona hazina maana, mwambie daktari maneno hayo hayo. Huo ni ugonjwa, na una tiba: mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili.

Dawa zinazotumika sana ni amitriptilini na fluoksetini. Amitriptilini humezwa usiku na huleta usingizi, lakini hukausha mdomo, huleta kizunguzungu unapoinuka, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au shida ya tezi dume aseme mapema. Fluoksetini kwa kawaida humezwa asubuhi. Inaweza kushusha sukari kwa anayetumia insulini, na ikichanganywa na tramadoli inaweza kuleta degedege. Ikiambatana na diklofenaki au aspirini, hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka. Zote mbili huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuonyesha nafuu, na ndipo wengi hukata tamaa wakaziacha. Usiache ghafla hata ukipona. Daktari hupunguza taratibu.

Diazepamu ina nafasi yake, ila ni kwa siku chache. Ikizoeleka mwili huidai, na ikikutana na pombe, gongo ikiwemo, inaweza kuzuia pumzi.

Anayetoka Mishamo au Karema kuja Mpanda afunge vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na dawa za mitishamba, aje navyo siku ya kliniki. Masika yakikaribia, aombe dawa za kutosha, kwa kuwa barabara ikiharibika dozi hukatika. Kesi nzito hushughulikiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, na zikizidi hupelekwa hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma.

Mgonjwa akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Vidonge vyake vishikwe na ndugu, naye apelekwe kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo.