Kuni za Ulaya na Hesabu ya Sifuri

Barua kuhusu nishati ya mimea barani Ulaya zimejaa mezani. Wanaouliza ethanoli ni nini watanisamehe. Nimechagua maswali ambayo majibu yake ya uongo yanakata misitu na kula mashamba ya watu.

Wasomaji kadhaa, kwa maneno tofauti: Kuchoma kuni hakuongezi hewa ukaa, kwa sababu mti mwingine utaota. Mbona mnapinga?

Kwa sababu si kweli, na kosa hili ndilo linalopotosha sera nzima. Tuanzie kwenye bomba la moshi. Kwa kila gigajuli ya joto, kuni hutoa takriban kilo 112 za hewa ukaa. Makaa ya mawe hutoa kama kilo 95, gesi asilia 56. Hivyo ndivyo viwango vya kawaida vya kimataifa kwa ripoti za nchi kuhusu tabianchi. Kituo cha umeme kinachoacha makaa ya mawe na kuanza kuchoma magogo kinazidisha moshi siku hiyo hiyo.

Mti utaota, ndiyo. Lakini lini? Msonobari wa Finland au Uswidi huvunwa ukiwa na miaka 70 au zaidi, na huungua kwa dakika chache. Mche uliopandwa mahali pake utalipa deni hilo polepole, na muda wote wa deni dunia inazidi kupata joto. Ulaya imejipangia kufikia sifuri halisi mwaka 2050. Mche wa leo utakuwa bado kijana. Tena wanaotetea kuni husahau kwamba mti ule, kama usingekatwa, ungeendelea kukua na kunyonya hewa ukaa miaka yote hiyo. Hasara ni mbili.

Sifuri inayodaiwa kwa kuni basi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye daftari. Kanuni za kimataifa zinaandika kaboni ya mti katika hesabu ya ardhi na misitu pale unapokatwa, ndiyo maana haiandikwi tena kwenye hesabu ya nishati. Ni utaratibu wenye akili wa kuepuka kuhesabu mara mbili. Ila soko la Ulaya la vibali vya hewa ukaa likaichukua sifuri hiyo kana kwamba ni sifa ya kuni zenyewe: mwenye kituo akitimiza vigezo vya uendelevu, hanunui kibali hata kimoja kwa kuni alizochoma. Mtafiti Timothy Searchinger na wenzake walilieleza kosa hili katika jarida la Science mwaka 2009. Mwaka 2018 wanasayansi karibu 800 waliliandikia Bunge la Ulaya kuhusu suala hilo. Sheria ya nishati jadidifu ya 2023 imezuia ruzuku ya moja kwa moja kwa kuchoma magogo yanayofaa kupasuliwa mbao, pamoja na visiki na mizizi. Hiyo ni hatua. Sifuri yenyewe haijaguswa.

Maranda ya kiwandani ni jambo jingine. Yangeoza yenyewe baada ya miaka michache, kwa hiyo kuyachoma hakuleti deni refu. Anayechanganya maranda na gogo zima katika sentensi moja ana kitu cha kuuza.

Si kweli kwamba kuni ni sehemu ndogo tu, na kubwa ni jua na upepo?

Hapana. Zaidi ya nusu ya nishati jadidifu ya Umoja wa Ulaya inatokana na mimea na taka, na kubwa zaidi humo ni kuni.

Mafuta ya kukaangia yaliyotumika, yakigeuzwa biodizeli, yana ubaya gani?

Yakiwa yametumika kweli, hayana. Tatizo ni bei. Sheria iliruhusu yahesabiwe mara mbili katika malengo ya usafiri, basi yakawa na thamani kubwa kuliko mafuta mapya, na sehemu kubwa huagizwa kutoka Asia. Mawese mabichi yakichanganywa humo, maabara hupata shida kuyatambua. Kinachobaki ni karatasi za wakaguzi wanaolipwa na wanaokaguliwa. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilionya kuhusu udhaifu wa uthibitisho huu mwaka 2016.

Ndege zote za Ulaya zitaruka kwa mafuta ya mimea?

Hapana. Sheria inadai asilimia 2 ya mafuta endelevu mwaka 2025, na 6 mwaka 2030.

Basi nyinyi mnapinga kila kitu?

Samadi, majitaka na mabaki ya chakula vitoe bayogesi, tena kwa wingi. Samadi iliyoachwa wazi hutoa methani. Ukiikusanya unapata gesi na mbolea. Denmark imefanya hivyo vizuri. Ujerumani ililisha mitambo yake ya bayogesi mahindi kutoka mashamba makubwa, na hilo sitaki tuliige.

Kutoka Kisarawe: Walituambia mbono (jatropha) unastawi kwenye ardhi kavu isiyofaa kitu. Ilikuwaje?

Mbono huishi kwenye ardhi kavu. Kuzaa ni habari nyingine: unahitaji maji na rutuba kama zao lolote. Waliowaambia vinginevyo walikuwa wanatafuta wawekezaji. Mwaka 2003 Ulaya ilijiwekea lengo kwamba mafuta ya mimea yawe asilimia 5.75 ya mafuta ya usafiri ifikapo 2010, na homa hiyo ikafika Kisarawe na Kilwa. Ili mwekezaji akodishwe, ardhi ya kijiji iligeuzwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Miradi ilipoanguka, ardhi haikurudi kijijini yenyewe. Ulaya ilipoweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta ya mazao ya chakula mwaka 2015, mlikuwa mmekwisha kuumia.

Kutoka Makueni: Na hii mbarika inayonunuliwa kupelekwa Italia?

Ina nafuu moja kubwa: mkulima anabaki na shamba lake. Shehena ya kwanza ya mafuta ya mbegu za Kenya ilikwenda kiwanda cha kampuni ya Eni huko Gela, Sicily, mwaka 2022. Kabla ya kupanda, dai bei iliyoandikwa na muda wake. Uliza nani atanunua iwapo Brussels itabadilisha vigezo, kama ilivyofanya kwa mawese. Na usiweke mbarika pale unapopanda mbaazi na mahindi ya nyumbani.