Kadi Iliyogoma Kuwaka

Siku ya kukaguliwa TP, supavaiza akiwa amekaa dawati la nyuma kabisa, kadi yangu iligoma kuwaka. Kilikuwa Kidato cha Pili, mada ya umeme. Shule haina vifaa vya maabara, nami nilishatamba kwamba nitafundisha saketi kwa karatasi. Nikabonyeza betri. Giza. Nikabonyeza tena. Giza vilevile, na darasa zima linanitazama.

Kabla sijamalizia, nikuelekeze kadi yenyewe, maana hata bumu likiwa limekata unaimudu.

Tafuta kipande cha manila, foili ya jikoni, gundi, selotepu, taa ndogo nyekundu ya LED na betri bapa ya CR2032, ile ya volti 3 inayokaa ndani ya kompyuta. Bandika vipande viwili vya foili visivyogusana, kila kimoja upana wa sentimita moja, kutoka karibu na kona ya kadi hadi unapotaka taa. Cha kwanza kiishie kabla ya kona. Cha pili kifike kwenye ncha yake. Usiunge foili kwa gundi katikati ya njia, gundi inazuia umeme.

Panua miguu ya LED. Mguu mrefu, yaani chanya, ukae juu ya foili ya kwanza. Mfupi juu ya ya pili. Bana kwa selotepu. Laza betri mwishoni mwa foili ya kwanza, alama ya + ikitazama chini, kisha kunja kona ili foili ya pili iguse mgongo wa betri. Taa inawaka. Hiyo kona ndiyo swichi yako.

Ukitaka taa mbili, ziunge sambamba. Ukiziunga kwa mfuatano hazitawaka vizuri, kwa sababu kila LED nyekundu inadai takriban volti 2, na betri ina 3 tu. Usichanganye nyekundu na bluu pia: nyekundu itavuta karibu mkondo wote, bluu ibaki gizani.

Ukishazoea karatasi, hamia kwenye nguo. Leah Buechley wa Marekani alibuni LilyPad, vibao vya umeme vinavyoshonwa kwenye nguo, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2007. Sisi tunaanza na bangili ya kitenge: chukua nyaya nyembamba za shaba kutoka kwenye waya wa chaja mbovu, zishonee kwenye kitambaa badala ya foili, na vifungo vya chuma vya kubonyeza viwe swichi. Ukifunga bangili mkononi, taa inawaka.

Sasa turudi darasani. Jasho linanitoka, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Madam, mguu mrefu umeuweka wapi?" Nikatazama. Nilikuwa nimeigeuza taa. Nikamwita mbele, akageuza betri juu chini, kadi ikawaka. Darasa likalipuka kwa makofi, na hapo hapo swali likaja lenyewe: kwa nini umeme unapita upande mmoja tu? Hilo nililipangia kipindi cha wiki iliyofuata!

Tangu siku ile, kila ninapofundisha saketi nagawa kadi moja mbovu makusudi, na sisemi ubovu uko wapi. Kadi inayowaka inashangiliwa kisha inawekwa kando. Ile inayogoma ndiyo inayomfanya mtoto afuate njia ya umeme kwa kidole, hatua kwa hatua, mpaka ajue saketi ni kitu gani. Mwenzangu unayekwenda TP, usiogope kuumbuka mbele ya darasa. Ogopa kuwanyima watoto nafasi ya kutafuta kosa.

La mwisho, na hili halina utani: hesabu betri zako kabla hujatoka darasani. Mtoto mdogo akimeza moja, inaweza kumchoma koo kwa ndani kwa muda wa saa 2 tu. Mimi nahesabu mara mbili.